Asilimia Sitini ya Nini? Upau wa Maendeleo na Data ya Ramani ya Mombasa Bara

Anayetaka ramani ya Likoni peke yake kutoka faili za OpenStreetMap zilizotayarishwa kupakuliwa hapewi faili ya Likoni. Hupewa Kenya nzima. Kampuni ya Geofabrik ya Karlsruhe, Ujerumani, huitayarisha upya kila siku na kuiacha wazi kwa yeyote kuipakua: mamia ya megabaiti zilizobanwa, Likoni imechanganyika na Lodwar, Kisauni na Kisumu, Changamwe na Chuka. Programu inayotafuta mitaa ya Mtongwe, huko Likoni, haina budi kuipitia faili hiyo tangu baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Kompyuta yenye nguvu huimaliza kazi hiyo upesi. Laptopu ya mtumba yenye gigabaiti nne za kumbukumbu, hasa ikiwa programu inaunda maumbo ya majengo na mipaka, huchukua muda wa kutosha mwenyewe kuanza kushuku kwamba mashine imekwama. Ndipo mwandishi wa programu anapoweka upau wa maendeleo, ule mstari unaojaa taratibu na asilimia yake pembeni.

Wengi huuweka mwishoni kabisa, kazi ya maana ikishakwisha, kama pambo. Mimi nauona upau kuwa ni kauli. Unaposema asilimia 60 unadai kujua jambo, na anayeutazama ana haki ya kuuliza: asilimia 60 ya nini? Ya baiti zilizosomwa? Ya vitu vilivyohesabiwa? Ya muda? Ya mji wenyewe? Katika data ya ramani mambo hayo manne hayaendi sambamba hata kidogo, na upau usiojua unapima lipi humdanganya mtu katika wakati ambao anauhitaji zaidi.

Mombasa bara ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Sensa ya Agosti 2019, ya kwanza nchini Kenya kutumia vishikwambi badala ya karatasi, ilihesabu katika kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Ukiongeza Nyali na Jomvu, wanaoishi nje ya Mvita, yaani nje ya kisiwa, wanafika 1,054,162: karibu watu saba kati ya kila wanane. Picha ya mji inayosambazwa duniani ni ya kisiwani, Ngome ya Yesu na pembe za Moi Avenue, lakini mji wenyewe umelala bara. Vichochoro vya Mtopanga, nyumba mpya za Mwakirunge, njia za Chaani na Shika Adabu ndizo zinazohitaji kuchorwa na kuchorwa tena, kwa sababu ndiko mabomba ya maji yanakopaswa kufika, ndiko mifereji huziba mvua za masika zikinyesha, na ndiko mwendesha bodaboda hutafuta mlango usio na namba. Anayeishughulikia data hiyo kutoka huko huko bara huenda anatumia kompyuta ndogo, bando la intaneti linalohesabiwa kwa shilingi, na stima inayoweza kupotea wakati wowote. Kwake yeye upau ndio unaoamua kama atasubiri au ataizima programu. Akiizima iliyokuwa ikifanya kazi, amepoteza saa nzima. Akiiacha iliyokwisha kufa, amepoteza saa na betri.

Tuanze na faili yenyewe. Data ya OpenStreetMap husafirishwa kwa muundo uitwao PBF, uliobuniwa na Scott Crosby mwaka 2010 kuchukua nafasi ya maandishi ya XML yaliyokuwa yakila diski. Faili ya PBF ni msururu wa mapande. Kila pande hutanguliwa na baiti nne zinazotaja urefu wa kichwa chake, kisha kichwa kinachosema pande ni la aina gani na lina baiti ngapi, kisha data yenyewe, kwa kawaida ikiwa imebanwa. Kwa desturi pande moja hubeba vitu 8,000, na sharti ni kwamba likibanduliwa lisifike megabaiti 32. Hakuna mahali katika kichwa cha faili panaposema jumla ya vitu vilivyomo. Hakuna pia alama ya mwisho. Msomaji hujua amefika mwisho kwa sababu baiti zimemwishia.

Hilo ndilo linaloamua sehemu kubwa ya hoja hii. Upau unahitaji namba mbili, ulipofika na mwisho. Ulipofika unaweza kupimwa kwa vitu (nukta, njia na mahusiano) au kwa baiti. Mwisho wa vitu haujulikani mpaka uvihesabu, na ukitaka kuvihesabu sharti uisome faili yote. Chombo cha osmium kinaweza kukufanyia hesabu hiyo, lakini utakuwa umesafiri safari nzima ili ujue urefu wa safari. Mwisho wa baiti, kwa upande mwingine, mfumo wa uendeshaji unaujua papo hapo, hata kabla faili haijafunguliwa. Ndiyo maana libosmium, maktaba ya msimbo ya C++ iliyoandikwa na Jochen Topf, humwezesha mwandishi wa programu kumwuliza msomaji maswali mawili tu: faili ina baiti ngapi, na umefika baiti ya ngapi. Upau wake umejengwa juu ya majibu hayo mawili. Naona huo ni uamuzi sahihi. Baiti hazivutii, lakini ndizo pekee ambazo zinajulikana kwa uhakika pande zote mbili.

Kuna watu huandika kwa Python, wakitumia maktaba ya PyOsmium, na kuzungushia kitanzi chao kifaa cha tqdm ili kuhesabu kila kitu kinachopita. Kwa kuwa jumla haijulikani, huweka namba ya kukisia, pengine ya mwezi uliopita. Ramani inakua. Vijana wakikaa wikendi moja kuchora mapaa ya nyumba za Junda, namba inapitwa, na upau unafika mwisho kabla kazi haijaisha. Afadhali hapo kusiwe na asilimia kabisa. Programu iseme tu: nukta kadhaa zimesomwa, dakika kadhaa zimepita, kasi ni hii. Mtu akiona namba inasogea anajua mashine iko hai, na hakuna alichodanganywa.

Hata hivyo baiti nazo zina mipaka, na hapa ndipo jambo linaponoga. Ndani ya faili ya PBF vitu havikupangwa kwa mahali. Kwa kawaida nukta zote za nchi hutangulia, kisha njia zote, kisha mahusiano yote, na ndani ya kila kundi hupangwa kwa namba ya kitambulisho. Namba hiyo hutolewa kwa mfululizo kadiri watu wanavyochora duniani kote. Kwa hiyo nukta ya barabara kuu ya Changamwe iliyochorwa miaka mingi iliyopita iko karibu na mwanzo, na nukta ya pembe ya nyumba ya Mwakirunge iliyochorwa juzi iko mbali sana nayo, ingawa zote mbili ziko katika kaunti moja. Faili imepangwa kwa historia ya uchoraji. Upau ukiwa katikati, haimaanishi kwamba nusu ya Kisauni imeshapatikana.

Chukua njia ya feri ya Likoni. Katika data ni njia: orodha ya namba za nukta, pamoja na maelezo kwamba hapa hupita feri. Orodha hiyo haina latitudo wala longitudo. Ili kuichora, programu ilipaswa kuwa imehifadhi mahali pa kila nukta iliyopita, kwa sababu haikujua ni zipi zitakazohitajika baadaye. Katika libosmium mahali pa nukta moja huchukua baiti 8. Ukiongeza baiti 8 za namba yake katika faharasa ya kawaida ya eneo dogo, zinakuwa 16. Nukta milioni 10 ni megabaiti 160, na nchi nzima ina zaidi ya hizo. Kwenye laptopu ya gigabaiti nne yenye kivinjari kilichofunguliwa, kumbukumbu inaanza kubana, na mfumo unaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Upau uliokuwa ukikimbia katika nukta unaanza kujikokota katika njia, hata kama baiti zilizobaki ni chache. Mwenyewe anaona umesimama, anashuku hitilafu, anabonyeza Control na C. Feri yake ilikuwa inakaribia kufika.

Mipaka ya maeneo iko nyuma zaidi. Mpaka wa Likoni au wa kaunti ni uhusiano, yaani orodha ya njia ambazo nazo ni orodha za nukta, na mahusiano huja mwisho kabisa. Anayetaka poligoni kamili hulazimika kuisoma faili mara mbili: mara ya kwanza kujua ni njia zipi zinazounda mipaka, mara ya pili kuziokota na kuziunganisha. Chombo cha osmium kinapokata kipande cha ramani nacho kina mbinu tatu. Ile rahisi hupita mara moja na kuacha barabara zimekatika kwenye ukingo. Ile inayohifadhi njia nzima hupita mara mbili. Ile inayohifadhi pia mahusiano makubwa hupita mara tatu. Upau unaojaa hadi 100 kisha kurudi sifuri bila maelezo humkatisha mtu tamaa kuliko kutokuwa na upau. Tiba ni nyepesi: mizunguko ikiwa miwili, jumla ni ukubwa wa faili mara mbili, na kila mzunguko ukiisha ukubwa huo huongezwa kwenye kilichokwishapimwa. Bado kasi itatofautiana, kwani mzunguko wa kwanza hauhitaji kufasiri nukta na huenda mbio, lakini mstari utakuwa mmoja na utakwenda mbele tu.

Tena kuna pengo kati ya kusoma na kushughulikia. Msomaji wa kisasa hugawa kazi: uzi mmoja wa programu huvuta baiti kutoka diski, nyuzi nyingine hubandua mapande, na msimbo wako hupokea vitu mwisho wa foleni. Baiti zinazohesabiwa ni za yule wa mbele. Upau unaweza kuonyesha 100 huku mapande kadhaa yakiwa bado yanasubiri, na baada yake pengine kuna faharasa ya kujengwa na faili ya matokeo ya kuandikwa. Kila mtumiaji wa kompyuta anaijua ile asilimia 99 isiyokwisha, na mara nyingi chanzo chake ni hiki: upau ulipewa kazi ya kupima kusoma, ukaachiwa kusimamia kila kitu. Mimi nataka kila hatua itajwe kwa jina lake. Inasoma nukta. Inasoma njia. Inaunganisha mipaka. Inaandika matokeo. Na majina hayo yaandikwe kwa Kiswahili pale ambapo programu inaandikwa kwa ajili ya watu wa kaunti. Mafunzo ya ramani yanayofanyika kwa Kiswahili hayana sababu ya kuishia kwenye skrini inayonong'ona kwa lugha nyingine wakati mtu anapohitaji kujua kinachoendelea.

Si faili zote za ramani zilizo na ugumu huu. Shapefile, muundo mkongwe wa kampuni ya Esri ambao ofisi nyingi bado hupeana, ni mwepesi kwa kazi hii. Faili yake ndogo ya faharasa ina kichwa cha baiti 100, na kila kitu baada ya hapo huchukua baiti 8 kamili. Toa 100, gawa kwa 8, umepata idadi bila kusoma hata umbo moja. GeoJSON ni maandishi matupu yasiyotangaza idadi, kwa hiyo turudi kwenye baiti. Maktaba ya GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, ina upau wake wa siku nyingi unaoandika 0, 10, 20 na nukta tatu tatu kati yake hadi 100, nao unasomeka vizuri hata kwenye skrini duni. Lakini chombo chake cha ogr2ogr huonyesha upau pale tu ambapo chanzo kinaweza kutaja idadi ya vitu upesi. Kisipoweza, kinatoa onyo kwamba upau umezimwa, kisha kinanyamaza. Wapo wanaolalamika juu ya ukimya huo. Mimi nauheshimu, ingawa ningependa uambatane na hesabu ya vitu vilivyopita.

Data ya majengo ambayo Google iliitoa mwaka 2021, Open Buildings, huja kama jedwali la maandishi lililobanwa kwa gzip. Hapo kuna mtego mdogo. Mwisho wa faili ya gzip pana baiti nne zinazotaja ukubwa wa asili, na baadhi ya programu huzitegemea. Baiti nne haziwezi kubeba namba inayofika gigabaiti nne; ikifika, huanza tena sifuri. Faili kubwa itajitangaza kuwa ndogo, na upau utajaa mapema sana. Njia salama ni kupima baiti zilizobanwa, jinsi zinavyotoka diski.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni jingine, na linahusu bando. Mtu wa Timbwani anapakua faili ya Kenya, bando linaisha njiani, na kivinjari kinaacha kipande. Asubuhi anaifungua. Programu inauliza mfumo: faili hii ina ukubwa gani? Inajibiwa ukubwa wa kipande. Upau unajaa vizuri mpaka karibu na mia, lakini ni mia ya nusu faili. Mara nyingi pande la mwisho litakuwa limekatika na msomaji atatoa kosa, lakini ikitokea kwamba data imekatika sawasawa mwisho wa pande, hakuna kitakacholalamika, kwa maana muundo hauna alama ya mwisho wala jumla. Na kilichopotea ni kile cha nyuma: mahusiano, yaani mipaka. Ramani itatoka na barabara nzuri bila maeneo, na mtu ataamini kwamba hakuna aliyeyachora. Geofabrik huweka kando ya kila faili kifaili kidogo cha MD5 cha kulinganishia. Programu yenye heshima ingekagua hicho kwanza, ndipo ithubutu kutaja asilimia.

Kwa upande wa binadamu, mambo ya msingi yanajulikana muda mrefu. Mwaka 1985 Brad Myers alionyesha kwenye mkutano wa watafiti wa kompyuta kwamba watumiaji huipenda zaidi programu inayowaonyesha asilimia ya kazi iliyokwisha. Mwaka huo huo David Maister aliandika kuhusu foleni kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kunakojulikana. Aliyewahi kusimama upande wa Likoni asubuhi, watu wamejaa hadi barabarani, hahitaji utafiti huo: akiiona feri imeng'oa nanga ng'ambo anatulia, asipoona chombo chochote majini anaanza kuhesabu dakika. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakapima jinsi mwendo wa upau unavyobadilisha hisia za muda. Upau unaoongeza kasi kuelekea mwisho huonekana mfupi kuliko unaokwamakwama. Wapo waliochukua matokeo hayo kama ruhusa ya kuupamba upau. Kwa mchezo wa simu, sawa. Kwa chombo cha data, hapana. Mtu anayeamua kama atawasha jenereta au ataondoka kuwahi matatu ya mwisho anahitaji kujua hali ilivyo, hata kama haimfurahishi.

Mengine ni adabu ya kazi. Upau usichorwe upya kwa kila nukta inayopita, maana kuandika kwenye skrini mara milioni kadhaa kunaweza kuchukua muda kuliko kusoma kwenyewe; tqdm kwa kawaida husubiri sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kuchora tena, na hiyo inatosha. Upau uandikwe kwenye mkondo wa makosa ili usichanganyike na matokeo. Na usionekane pasipo mtu. Osmium kwa kawaida huonyesha upau pale tu inapotambua kwamba inaandika kwenye terminali, na haionyeshi kamwe data inapotoka kwenye bomba la programu nyingine, kwani hapo ukubwa haujulikani. Kazi inayoendeshwa usiku peke yake na kuhifadhi kumbukumbu zake kwenye faili inahitaji mistari michache yenye saa, si maelfu ya vipande vya upau.

Na kuna hali ambayo upau hauhitajiki. Jakob Nielsen aliweka kipimo cha sekunde 10 kuwa mwisho wa subira ya mtu kabla mawazo hayajahama. Anayeshughulika na Likoni, Kisauni na Changamwe kila siku hana sababu ya kuisoma Kenya kila siku. Aikate mara moja kwa mstatili wa Mombasa, kuanzia kusini ya Shika Adabu hadi kaskazini ya Mwakirunge, kwa mbinu inayohifadhi njia nzima, na upau uonyeshe mizunguko yote miwili kama mstari mmoja. Faili itakayotoka ni ndogo sana, inaingia kwenye simu na kupitishwa kwa mwenzake bila bando. Kuanzia hapo kila usomaji unakwisha kabla mtu hajaondoa mkono kwenye kibodi, na kinachotakiwa kuonekana kwenye skrini ni tarehe ya data, ili anayeitumia ajue ni Kisauni ya lini.